Kipandauso, tundu la moyo na vidonge vya majira

Nina tundu kwenye moyo. Usishtuke, huenda na wewe unalo, maana katika watu wazima wanne mmoja wetu anatembea nalo, yaani ukipanda daladala ya Mbagala asubuhi humo ndani kuna watu saba nane wenye matundu na hakuna hata mmoja anayejua, wako bize wanagombania siti.

Naandika hii kwa sababu kwenye grupu letu la ukoo imezunguka voisi ya mtu anayejiita dokta, anasema kwa sauti nzito kabisa kwamba kipandauso sio ugonjwa wa kichwa, ni moyo, na ukizibwa tundu lako kichwa kinapona moja kwa moja, alafu mwisho anataja namba ya simu na bei ya mchanganyiko wa kitunguu swaumu na sijui nini. Shangazi akanitag, "wewe mwenye kichwa sikiliza hii". Nikaanza kumjibu pale pale, jibu likawa refu mpaka aibu, ndo hili sasa.

Yule bwana hajadanganya yote, na hapo ndo kazi ilipo. Uhusiano kati ya moyo na kipandauso upo, umepimwa, umebishaniwa miaka zaidi ya ishirini na ulishawahi kumfikisha daktari mmoja mahakamani London, nitakuja huko maana ni stori yenyewe. Ila uhusiano haukai pale watu wanapoushikia. Wengi wakisikia hivi wanauliza "je nina tundu?" wakati swali lenye faida kwa mtu wa kawaida hapa kwetu ni lingine kabisa na halihitaji mashine yoyote: je, kabla ya kichwa kuuma huwa unaona vitu?

Hivyo vitu ndo vinaitwa aura. Sio kila mwenye kipandauso anavyo, ni robo mpaka theluthi hivi. Duniani mtu mmoja kati ya saba ana kipandauso, wanawake mara mbili mpaka tatu ya wanaume, na wengi wao ni kile cha kawaida: kichwa kinadunda, mara nyingi upande mmoja, kichefuchefu, mwanga unachoma, hata harufu ya vitunguu jikoni kwa jirani inakuwa adui, na inaenda masaa manne mpaka siku tatu. Sisi wa aura tunatanguliziwa filamu. Mimi yangu inaanza nikiwa nasoma, ghafla herufi za katikati ya neno hazipo, naona mwanzo na mwisho tu, nahamisha jicho na zile nilizohamia nazo zinapotea. Baada ya dakika kadhaa pale palipo na pengo panatokea mstari wa mwanga wenye meno meno unaochezacheza, unakua, unajikunja, unasogea taratibu kuelekea pembeni mpaka unatoka nje ya macho kabisa, kama nusu saa hivi. Nafunga macho na bado nauona, kwa hiyo shida haiko machoni. Alafu kunakuwa na ukimya fulani mtamu wa uongo, alafu kichwa kinaingia.

Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Karl Lashley, alikuwa na ugonjwa huu huu, na badala ya kulala chumba cha giza kama sisi akakaa anachora. Alichora ule mstari dakika kwa dakika, akapiga hesabu, na mwaka 1941 akaandika kwamba chochote kinachosababisha hii kitu kinatembea juu ya ubongo kwa mwendo wa milimita 3 hivi kwa dakika. Miaka mitatu baadaye Mbrazili Aristides Leão, akiwa Harvard anachunguza kifafa kwa sungura, akaona wimbi la ukimya linapita juu ya ubongo wa sungura, seli zinawaka kidogo alafu zinazima, na mwendo wake ulikuwa ule ule. Saivi wanaochunguza hii kitu karibu wote wanakubali kwamba aura ni wimbi hilo likipita sehemu ya ubongo inayoona. Likienda sehemu ya kuhisi, unapata ganzi.

Na mimi ganzi ndo ilinipeleka kwa daktari wa moyo. Siku moja baada ya ule mstari kupita, vidole vya mkono wa kulia vikaanza kufa ganzi, ganzi ikapanda kiwiko, ikaruka ikaja kwenye mdomo upande ule ule, nikawa naongea na mume wangu maneno yananitoka nusu nusu. Ikaisha yenyewe. Ila mtu yeyote mwenye akili akisikia hivyo anafikiria kiharusi kwanza, na sawa afikirie hivyo, kwa hiyo nikapigwa picha ya kichwa, ikaja safi, wakasema sasa twende kwenye moyo.

Kabla sijakupeleka kwenye kile chumba ngoja nieleze tundu lenyewe. Mtoto akiwa tumboni hapumui, oksijeni anapata kwa mama yake kupitia kondo la nyuma, sasa kupitisha damu yote kwenye mapafu ambayo hayajaanza kazi hakuna maana, kwa hiyo kwenye ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya juu vya moyo kuna kilango na damu inapita hapo kutoka kulia kwenda kushoto. Akizaliwa akavuta pumzi ya kwanza mapafu yanafunguka, presha ya upande wa kushoto inapanda, kilango kinasukumwa kinajifunga na kwa watu wengi kinagandana na ukuta kabisa. Kwa robo yetu hakigandani. Ni mlango uliorudishwa tu bila komeo, muda wote umekaa vizuri, ila ukikohoa, ukijikamua chooni, ukinyanyua ndoo ya maji, unafunguka kidogo na damu kidogo inapenya upande wa pili. Madaktari wanaliita tundu hili PFO. Naomba usichanganye na yale matundu ya kuzaliwa nayo ya watoto tunaowaona kwenye taarifa za Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, yale ni makubwa, yanachosha moyo na yanahitaji kuzibwa. Hili la kwangu wengi wanazeeka nalo na kuzikwa nalo.

Sasa kwa nini kilango hiki kimuumize mtu kichwa? Kwa sababu mapafu, mbali na kazi ya hewa, ni chujio. Vidonge vidogo vidogo vya damu iliyoganda vinavyotoka kwenye mishipa ya miguu vinanaswa kule, na kemikali kama serotonini zinapunguzwa kule. Damu inayopita kwenye kilango inaruka chujio na inaenda juu kwenye ubongo ikiwa na kila kitu chake. Mwaka 2010 kuna watafiti walipitisha chembechembe ndogo sana na mapovu ya hewa kwenye mshipa wa shingo wa panya, na lile wimbi la Leão likaanza, mara nyingine bila hata ubongo kupata jeraha. Kwa hiyo wazo sio la kijinga hata kidogo.

Na halikuanzia maabara, lilianzia kwa wazamiaji. Mtu anayezamia na mtungi akikaa chini sana muda mrefu naitrojeni inayeyuka kwenye damu, akipanda juu inatoka kama mapovu, kawaida mapafu yanayachuja na mtu anaenda zake kula chipsi. Mwenye PFO mapovu yanaweza kuvuka yakaenda kwenye ubongo au uti wa mgongo. (Nina binamu anazamisha watalii Nungwi, nilipomwambia hii alinyamaza sana, akaniuliza kipimo kinafanywa wapi.) Peter Wilmshurst, daktari wa moyo wa Uingereza, alikuwa anawaziba matundu wazamiaji wa namna hii ili waweze kurudi majini, wakawa wanamrudia wanamwambia dokta, kile kichwa changu nacho kimeondoka. Akaandika kwenye Lancet, jarida la madaktari, mwaka 2000. Waitaliano nao walikuwa wamepima mwaka 1999: wenye kipandauso cha aura asilimia 48 walikuwa na tundu, wenye kipandauso bila aura asilimia 23, na wasio na kipandauso asilimia 20. Angalia hizo namba vizuri. Aura ndo inaruka juu, wale wengine wako karibu sawa na watu wasioumwa kabisa. Na hata hivyo mwaka 2008 watafiti waliopima watu zaidi ya elfu moja wa kaskazini ya Manhattan, New York, watu wa mtaani tu na sio waliokuja kliniki kulalamika, hawakukuta tofauti yoyote, wenye kipandauso na wasio nacho wote matundu yao yalikuwa kwenye asilimia 15 hivi.

Haya, kile chumba. Kipimo ni eko, ile ultrasaundi ya moyo, ila na mapovu. Nesi alinichoma kanula mkononi, akafunga koki ndogo yenye njia tatu na mabomba mawili ya sindano, moja lina maji ya dripu na kahewa kidogo, akavuta na damu yangu kidogo, alafu akaanza kusukuma kutoka bomba hili kwenda lile, huku na huku, kwa kasi, mpaka maji yakabadilika yakawa meupe ya povu. Mimi namwangalia nasema kimoyomoyo hewa si ndo inaua watu kwenye sinema? Akaona uso wangu akacheka, "dada usiogope, ni kidogo na inaishia kwenye mapafu". Daktari akaniambia kaza tumbo, kaza kama unasukuma mtoto, kaza, haya achia! Nesi akasukuma. Kwenye skrini upande wa kulia wa moyo ukajaa weupe ghafla, kama sekunde moja hivi upande wa kushoto uko mweusi tii, alafu nikaviona mwenyewe, vitone vyeupe, kimoja, viwili, kundi dogo, vinavuka. Vikivuka ndani ya mapigo machache ya kwanza maana yake vimepita kwenye kilango, vikichelewa sana vimetokea njia nyingine ya mapafuni. Vyangu havikuchelewa.

Nikamuuliza, dokta, kwa hiyo hiki ndo kinaniumiza kichwa, mnaziba lini? Akavua glavu akasema, "Dada, mimi sijakupima kwa ajili ya kichwa. Nimekupima kwa ajili ya ule mkono." Niliudhika kwa kweli, mtu umeshaona adui kwenye tivii unaambiwa muache. Lakini alikuwa na sababu, na sababu zake ndo ile stori ya London.

Baada ya ule ugunduzi wa wazamiaji kila mtu alisisimka, na kampuni moja ya Boston, NMT Medical, iliyokuwa inatengeneza kifaa cha kuziba, ikagharamia utafiti Uingereza ulioitwa MIST. Wagonjwa 147, wote wana kipandauso cha aura na wote wana tundu. Wote wakalazwa usingizi. 74 wakapitishiwa katheta, yaani mrija mwembamba, kwenye mshipa wa kinena mpaka kwenye moyo wakawekewa kifaa, 73 wakachanjwa ngozi ya kinena tu basi, wakaamka wote wana bandeji na hakuna anayejua kapata nini. Kilichokuwa kinatafutwa ni watu wa kuacha kuumwa kabisa. Walioacha kabisa kwenye kundi la kifaa walikuwa 3. Kwenye kundi la bandeji tupu walikuwa 3.

Wilmshurst alikuwa mmoja wa viongozi wa utafiti huo huo. Mwaka 2007 kwenye mkutano Washington akasema hadharani wasiwasi wake kuhusu matokeo na jinsi yalivyowasilishwa, na ripoti ilipotoka 2008 jina lake halikuwemo, alikataa kuweka. Kampuni ikamshtaki kwa kuchafua jina, na ikamshtaki London ingawa kampuni ni ya Marekani na maneno aliyasemea Marekani, kwa sababu sheria za Uingereza wakati huo zilikuwa zinambana sana anayeshtakiwa. Alipambana na kesi hiyo miaka, mtu mmoja na mshahara wake wa hospitali, mpaka 2011 kampuni ilipofilisika na kesi ikafa nayo. Kesi yake ikawa mfano mkubwa kwa waliokuwa wanadai sheria ibadilishwe na mwaka 2013 ikabadilishwa. Mimi kinachonifurahisha ni kwamba huyu ndo mtu aliyeleta wazo lenyewe. Kama kuna mtu alikuwa na kila sababu ya kutaka kifaa kifanye kazi ni yeye.

Baadaye zikaja tafiti nyingine, PRIMA ya 2016 na PREMIUM ya 2017, hii ya pili ikiwa na watu 230, zote hazikufikia lengo zilizojiwekea. Kwenye PREMIUM waliopungukiwa na nusu ya maumivu baada ya kuzibwa walikuwa asilimia 38 hivi, na waliofanyiwa kiini macho cha upasuaji asilimia 32. Soma tena hiyo 32. Theluthi ya watu ambao hawakufanyiwa chochote waliona nafuu kubwa, na hawaongopi, kipandauso ndo kilivyo, kinapanda kinashuka, na imani ina nguvu zake. Sasa kila ukisikia ushuhuda wa mtu aliyepona kwa kunywa kitu fulani kumbuka hiyo theluthi. Kuwa mkweli, kulikuwa na kitu kimoja kwenye PREMIUM: walioacha kabisa kuumwa walikuwa asilimia 8.5 dhidi ya 1, kwa hiyo inawezekana kuna kakundi kadogo ambako tundu ndo mchawi kweli, na wenye aura nyingi ndo wanatiliwa shaka zaidi. Lakini huwezi kumlaza mtu kitandani ukamtia waya kwenye moyo kwa bahati nasibu ya namna hiyo wakati kuna vidonge.

Kuziba kuna kazi yake, ila ni kwa kiharusi. Mwaka huo huo 2017 zilitoka tafiti tatu kwa mpigo zikionyesha kwamba kwa mtu wa chini ya miaka 60 aliyepata kiharusi, akapimwa kila kitu sababu haikuonekana, na ana tundu, kumziba kunapunguza kiharusi cha pili. Ndo maana daktari wangu alikuwa anaangalia mkono. Mkono wangu ulipanda ganzi taratibu, kidole kwa kidole, kwa dakika nyingi, baada ya mwanga, na picha ilikuwa safi: hiyo ni tabia ya aura. Kiharusi kinakupiga kwa mara moja, mkono unaanguka, mdomo unakwenda upande, hakina taratibu. Ukiwa hujui ni kipi wewe kimbia hospitali, hiyo tofauti aitafute daktari na sio grupu la ukoo.

Na hapa kwetu nisisahau kusema, moyo unaopeleka damu iliyoganda kwenye ubongo wa kijana mara nyingi sio wa PFO, ni ule ambao valvu zake ziliharibiwa na homa ya rumatiki, mafindofindo ya utotoni ambayo hayakutibiwa vizuri. Huyo haumwi kipandauso, anachoka ngazi mbili, anakohoa akilala, moyo unapiga ovyo. Tusije tukahangaika na tundu la robo ya watu tukaacha ugonjwa wenyewe.

Sasa turudi kwenye swali langu la aura maana ndo nililotaka shangazi alisome. Mwaka 2006 ulitoka utafiti wa wanawake 27,840 wa Marekani, wafanyakazi wa afya wa miaka 45 kwenda juu, waliofuatiliwa miaka 10. Wenye kipandauso cha aura walipata shambulio la moyo, kiharusi au kufa kwa magonjwa hayo mara mbili ya wenzao. Wenye kipandauso bila aura, hamna tofauti. Mara mbili inatisha ukiisikia hivyo ikiwa uchi, lakini ilikuwa ni matukio 18 ya ziada kwa wanawake 10,000 kwa mwaka. Wadenmark wakaja na kubwa zaidi mwaka 2018, watu elfu 51 wenye kipandauso wakilinganishwa na laki tano na ushee wasio nacho, miaka 19: kwa kila watu 1,000, shambulio la moyo 25 dhidi ya 17, kiharusi cha damu kuganda 45 dhidi ya 25, moyo kupiga bila mpangilio 47 dhidi ya 34. Kwa hiyo uhusiano upo na hautegemei tundu peke yake, mishipa yenyewe ya damu inaonekana ina tabia yake kwa watu kama sisi.

Hatari ndogo ukiiongezea hatari nyingine ndo inaota meno. Na ya kwanza kabisa kwa dada zangu mnaosoma hapa ni vidonge vya majira, vile vya vichocheo viwili, vyenye estrojeni. Estrojeni inaongeza damu kuganda. Shirika la Afya Duniani lina jedwali la njia za uzazi wa mpango lenye madaraja manne, la kwanza tumia bila wasiwasi, la nne usitumie kabisa, na mwenye kipandauso cha aura kwa vidonge vya vichocheo viwili yuko daraja la nne, umri wowote. Mimi nilivitumia baada ya kujifungua. Nilipewa kliniki moja, dada wa watu mpole kabisa, akanipima presha, akaniuliza kama navuta sigara, akaniuliza kuhusu ini, akaandika kwenye kadi. Hakuna aliyeniuliza kama huwa naona mwanga wa meno meno, na mimi ningejuaje kwamba hiyo ni habari ya kumwambia mtu wa uzazi wa mpango? Nilikuwa nadhani ni njaa. Na duka la dawa ndo kabisa, unasema jina unapewa paketi na chenji.

Wala usiache uzazi wa mpango ukapata mimba kwa sababu yangu. Kijiti, kitanzi, sindano ya miezi mitatu, vidonge vya kichocheo kimoja, vyote havina estrojeni na kwa mwenye aura vinatumika. Unachotakiwa ni kufungua mdomo uanze wewe: nesi, mimi nina kipandauso na kabla yake naona mwanga. Sentensi moja hiyo. Na kama unavuta shisha Ijumaa, ongeza na hiyo.

Kitu kingine kinachounganisha kichwa na moyo huku kwetu ni dawa tunazomeza. Diklofenaki Tanzania ni kama pipi, kila mkoba wa mama una kipande, na mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitoa tahadhari kwamba wenye ugonjwa wa moyo, waliowahi kupata kiharusi au wenye mishipa iliyoziba wasiitumie, maana inaongeza hatari ya shambulio. Ukimeza panadoli au jamii ya diklofenaki siku 15 na zaidi kwa mwezi, kichwa chenyewe kinageuka kuwa cha dawa, unaumwa kwa sababu unameza na unameza kwa sababu unaumwa. Zile dawa maalum za kipandauso, sumatriptani na ndugu zake, zinabana mishipa, kwa hiyo mwenye moyo mgonjwa hapewi. Ergotamini nayo inabana, tena kwa ukali zaidi, na mtu anayetumia dawa za VVU zenye ritonaviri akiinywa anaweza kubanwa mishipa mpaka vidole vikafa, kwa hiyo usiazimane vidonge vya kichwa hata na rafiki wa damu.

Presha nayo ngoja niiseme haraka. Hapa mjini mtu akiumwa kichwa anasema presha imepanda, na akiwa haumwi anaacha dawa zake. Wanorwe walifuatilia watu wazima zaidi ya 22,000, wale wenye presha ya juu zaidi ndo walikuwa na maumivu ya kichwa machache. Presha ya kawaida ya kila siku haiumi. Mama yangu mzazi nimemweleza hilo mara nyingi na bado ananiambia "mwanangu leo kichwa hakiniumi, dawa ya nini". Kuna hali moja tu adimu ya kichwa ambacho kweli ni moyo: mzee, labda ana sukari au presha, kila akipanda mlima au akilima kichwa kinamuuma, akikaa kinaacha, hata kifua hakimuumi. Hiyo inaweza kuwa mishipa ya moyo imeziba na inalia kupitia kichwa. Huyo apigwe ECG ya mazoezi, kile kipimo cha umeme wa moyo mtu akiwa anajitahidi, na dawa za kipandauso zisimguse.

Mimi natumia propranololi, na hii nayo ni dawa ya moyo. Mwaka 1966 madaktari waliokuwa wanawapa watu wenye maumivu ya kifua waligundua kwa bahati tu kwamba kichwa nacho kinatulia, na mpaka leo ni moja ya dawa za mwanzo za kuzuia kipandauso, rahisi, inapatikana. Inataka wiki kadhaa kuonyesha kitu, haimfai mwenye pumu, na haiachwi ghafla. Wala haikufanya kazi kwa kugusa tundu, tundu langu liko pale pale na hakuna mwenye mpango nalo. Aura bado inakuja lakini kwa kuchelewa chelewa, ganzi haijarudi. Kinachonikera ni kwamba imenipunguza kasi, mapigo yako chini, napanda ngazi za ofisini napumzika ghorofa ya pili kama bibi, na ndoto za usiku zimekuwa za ajabu ajabu. Nimemwambia daktari, anataka tujaribu kandesatani, dawa ya presha ambayo Wanorwe hao hao walionyesha mwaka 2003 kwamba inazuia kipandauso. Hiyo haitakiwi kabisa kwa mtu mwenye mimba, kwa hiyo mume wangu ameshaambiwa, kijiti kinabaki mkononi.